Kiwanda cha Lami na Hewa ya Jirani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Vibali vya Mazingira Kenya

Maswali haya nimeulizwa na watu wa aina tatu: mwenye kiwanda anayetaka kujua atahitaji karatasi zipi, fundi anayebanwa amalize tani za siku, na jirani anayeanua nguo zake zikiwa zimejaa vumbi. Nimeyajibu mahali pamoja kwa sababu jibu la mmoja humgusa mwenzake. Sheria ninazotaja ni za Kenya. Mambo ya mitambo hayabadiliki popote lami inapopikwa.

Kiwanda cha lami kinachafuaje hewa? Si ni mawe na lami tu?

Ni mawe na lami, lakini mawe lazima yakauke na yashike moto kwanza. Katika tani moja ya lami ya moto, kama kilo 950 ni kokoto na vumbi la mawe, na kilo 50 hivi ni bitumini, ule utomvu mweusi unaoyashikanisha. Kokoto huingia kwenye pipa kubwa la chuma linalozunguka. Kichomeo hurusha ulimi wa moto ndani yake na feni huvuta hewa yote kuelekea kwenye dohani. Humo mawe yanapinduka na kugongana, na chembe laini zinapaa pamoja na mvuke. Hilo ndilo vumbi la kwanza na ndilo kubwa.

La pili ni moshi wa bitumini, wenye rangi ya samawati na harufu inayokwama kooni. La tatu ni moshi wa mafuta ya kichomeo: monoksidi ya kaboni moto ukiwaka vibaya, oksidi za salfa ukitumia mafuta mazito, na oksidi za naitrojeni. La nne ni vumbi la uwanjani, linaloinuliwa na magurudumu ya tipa, marundo ya mawe na mikanda ya kupandishia. Majirani hulalamikia hili la nne kuliko yote, na wenye viwanda hulisahau kuliko yote.

Hilo vumbi la dohani ni kiasi gani hasa?

Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lina mwongozo wa viwango vya utoaji uchafu unaotumiwa na wahandisi duniani kote. Kwa kiwanda kinachochanganya lami kwa mafungu, mwongozo huo unakadiria kilo 16 za vumbi kwa kila tani ya lami ikiwa hakuna kichujio. Kikiwepo kichujio cha mifuko (sanduku la chuma lenye mifuko ya kitambaa inayonasa vumbi) kinachofanya kazi, kiasi hicho hushuka hadi gramu 21.

Chukua kiwanda cha tani 80 kwa saa. Bila kichujio kinatoa kilo 1,280 za vumbi kila saa, yaani karibu magunia 26 ya saruji yakimwagwa angani. Kikiwa na kichujio kizima, kinatoa kilo 1.7 hivi. Kwa hiyo mifuko ya kitambaa iliyo ndani ya lile sanduku la chuma ndiyo inayobeba karibu kila kitu. Na vumbi linalonaswa halitupwi. Hurudishwa kwenye mchanganyiko kujaza nafasi kati ya kokoto. Mwenye kiwanda anayeruka kichujio anapeperusha mali aliyoinunua.

Nahitaji vibali gani kabla ya kusimamisha mtambo?

Anza na ardhi. Shamba haligeuki kiwanda kwa sababu umelinunua. Unahitaji idhini ya kaunti ya kubadilisha matumizi ya ardhi, chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019. Nimeona mtu akilipia tathmini yote ya mazingira kisha kaunti ikalikataa eneo lenyewe, na pesa zikaenda.

Halafu NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, maarufu kama EMCA, inakataza kuanza mradi wa namna hii bila leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira. Kuanza ni pamoja na kumwaga zege la msingi. Ripoti huiandiki mwenyewe. Inaandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, nawe hakikisha leseni yake ya mwaka ni hai. Marekebisho ya 2019 yaligawa miradi kwa uzito wa hatari zake: midogo, ya wastani na mikubwa. Ya hatari kubwa hufanyiwa utafiti kamili. Iliyo chini yake huanza na ripoti ya mradi. Hata hivyo, NEMA ikisoma ripoti na kuona shule iko upande ambao upepo unaelekea, inaweza kukudai utafiti kamili.

Kwa wafanyakazi, sajili mahali pa kazi na idara ya usalama na afya kazini, DOSHS, chini ya sheria ya 2007. Ukichimba kisima kuna kibali cha maji. Ukipasua mawe yako mwenyewe, machimbo yahesabu kuwa mradi wa pili.

Barabara tunayojenga tayari ina leseni ya NEMA. Kiwanda chetu hakiingii humo?

Soma leseni yenyewe kabla ya kujipa moyo. Leseni ya barabara hutolewa kwa mwenye barabara na kwa ukanda wa barabara. Kambi ya mkandarasi, machimbo na kiwanda cha lami huwekwa mahali pengine, mara nyingi baada ya zabuni kushinda, kwenye kiwanja ambacho mwandishi wa tathmini ya barabara hakukiona. Mikataba mingi inamtaka mkandarasi atafute vibali vya maeneo hayo yeye mwenyewe. Mradi ukiwa na pesa za Benki ya Dunia au mkopeshaji kama huyo, kuna na masharti yao juu ya yale ya nchi, na msimamizi wao hukagua.

Kushirikisha wananchi ni lazima, au ni desturi tu?

Ni lazima. Kwa utafiti kamili, kanuni za 2003 zinataka mabango, tangazo gazetini kwa wiki mbili mfululizo, tangazo la redio kwa lugha inayoeleweka pale, na mikutano ya wananchi isiyopungua mitatu.

Mimi nasema uifanye kwa moyo hata ungeruhusiwa kuiruka, maana pale barazani utaambiwa mambo ambayo ramani haikuambii. Katika baraza moja mama mmoja mzee alisimama, akaniuliza, "Mwanangu, umekuja hapa saa nne. Umewahi kuja alfajiri?" Nikamwambia sijawahi, mama. Akanyosha mkono kuelekea bondeni. "Njoo saa kumi na moja uone moshi wa jikoni kwangu unavyolala. Haupandi. Wa kwenu utapanda?" Nilirudi alfajiri ya kesho yake. Moshi wa kuni ulikuwa umetanda juu ya mabati kama blanketi, haujasogea. Hewa baridi hushuka bondeni usiku na kuufungia uchafu chini mpaka jua lipande. Tulibadilisha eneo la mtambo kwenye mchoro, na ikaandikwa kwamba kichomeo hakiwashwi kabla ya saa mbili asubuhi. Kifaa chochote cha hali ya hewa kingenichukua mwezi kunionyesha hilo.

Leseni ikishatoka nimemaliza?

Hapo ndipo unaanza. Leseni hutaja muda wa kuanza mradi, kwa kawaida miezi 24 tangu itolewe, na nyuma yake kuna masharti. Yasome moja moja na umpe kila sharti mtu wa kulisimamia. Ndani ya miezi 12 ya uzalishaji unafanya ukaguzi wa kwanza wa mazingira, halafu unapeleka ripoti ya ukaguzi kila mwaka.

Mbali na hiyo, kuna leseni ya kutoa hewa chafu. Kanuni za Ubora wa Hewa chini ya EMCA zilitolewa mara ya kwanza 2014, na zinamtaka mwenye dohani ya viwandani apime anachotoa, aweke kumbukumbu na aombe leseni hiyo. Watu wengi huchanganya leseni hizi mbili. Ya kwanza inaruhusu mradi uwepo. Ya pili inahusu kinachotoka kwenye bomba, na huhuishwa. Mkaguzi akija ataomba zote mbili.

Vipimo vya dohani hufanywaje? Mbona watu wa maabara walifika wakaondoka bila kupima?

Bila shaka dohani yenu haikuwa na mahali pa kupimia. Hili ni kosa linaloumiza kwa sababu ni rahisi sana kulizuia mtambo ukiwa bado chini.

Vumbi hupimwa kwa kuingiza mrija mwembamba ndani ya dohani na kuvuta sampuli kwa kasi ileile ya hewa inayopita. Ukivuta polepole kuliko hewa au haraka kuliko hewa, chembe zitaingia nyingi au chache kuliko zilivyo. Na hewa yenyewe lazima iwe imetulia, haizunguki kwa sababu ya kona. Utaratibu wa EPA unapendekeza tundu la kupimia liwe umbali wa vipenyo vinane baada ya kona au feni, na vipenyo viwili kabla ya mdomo wa dohani. Dohani ya sentimita 80, basi, inahitaji mita 6.4 zilizonyooka chini ya tundu na mita 1.6 juu yake. Ongeza jukwaa lenye vizuizi, ngazi salama na umeme. Mwambie mchomeleaji leo. Kutoboa dohani iliyokwisha kusimama na kupata joto ni kazi ya siku mbili na hatari tupu.

Maabara iwe imeidhinishwa na NEMA, na mpime mtambo ukizalisha kwa uwezo wake wa kawaida. Ripoti ya vipimo iliyochukuliwa kiwanda kikienda robo mwendo haimsaidii mtu, na tani za siku hiyo zinaonekana kwenye daftari la mizani.

Kiwango gani kinakubalika?

Kinachokubana ni kile kilichoandikwa kwenye majedwali ya kanuni zinazotumika na kwenye leseni yako. Kwa kulinganisha tu: nchini Marekani kiwanda cha lami kilichojengwa baada ya Juni 1973 hakiruhusiwi kuzidisha miligramu 90 za vumbi kwa kila mita ya ujazo ya hewa kavu, wala moshi unaoziba mwanga kufikia asilimia 20. Kichujio kizima hushuka chini ya hapo bila kuhangaika. Muuza mitambo akikwambia miligramu 90 ni ngumu, muulize mifuko yake ni ya kitambaa gani.

Mifuko ya chujio hudumu kwa muda gani, na nitajuaje imechoka?

Inategemea unavyoitunza saa ya kwanza ya asubuhi. Adui wake ni wawili, moto mwingi na unyevu. Mifuko ya poliesta huanza kuharibika joto likizidi nyuzi 130 na kitu; ya aramidi huvumilia nyuzi 200 hivi. Kichomeo kikipandishwa ghafla kokoto zikiwa chache ndani ya pipa, joto la hewa huruka na mifuko huungua kwa dakika chache.

Unyevu unaua taratibu. Fundi akiwasha na kuingiza kokoto zilizolowa papo hapo, mvuke hukutana na kuta za chuma zilizo baridi, unageuka maji, na vumbi lililoshika kwenye mifuko linakuwa tope. Tope likikauka ni kama plasta ukutani. Dawa ni kuwasha kichomeo kwa moto mdogo kwanza, bila kokoto, mpaka chumba cha mifuko kipate joto. Jioni pia, acha feni izunguke mpaka mvuke wote utoke.

Kwenye chumba hicho kuna kipimo cha tofauti ya shinikizo. Mara nyingi sindano husoma kati ya milimita 50 na 150 za maji. Ikipanda juu ya hapo, mifuko imeziba. Ikishuka, usifurahi. Kiwanda kimoja nilichokikagua sindano ilikuwa karibu na sifuri, na kijana aliyekuwa zamu akaniambia kwa fahari kwamba mifuko ni misafi kabisa. Tulipofungua mlango wa juu tulikuta minne imechanika tangu shingoni hadi chini, hewa inapita kama mlango wazi. Hakuwa mzembe, hakuna aliyewahi kumweleza sindano inasema nini. Tangu siku hiyo naandika maana ya kila sehemu ya kipimo kwenye karatasi na kuibandika pembeni yake.

Kutafuta tundu dogo kuna unga maalumu unaong'aa. Unapulizwa kwenye upande mchafu feni ikizunguka, kisha unaingia upande safi na taa ya urujuanimno. Mfuko wenye tundu unawaka kijani gizani. Fanyeni kila miezi michache, na lazima kila baada ya kubadilisha mifuko, kwa sababu mfuko mpya uliofungwa vibaya unavuja kuliko mkuukuu.

Kichujio kizima, lakini moshi wa samawati bado upo. Kwa nini?

Kwa sababu si vumbi. Ni matone madogo ya mafuta ya bitumini yaliyopaa, na hutoka hasa pale lami inapomiminwa kwenye tipa na kwenye matundu ya matangi. Kipimo cha kwanza cha kuangalia ni joto. Mchanganyiko wa kawaida unahitaji kama nyuzi 150. Fundi huongeza hadi 180 akihofia lami itapoa kwenye foleni ya magari ya Mombasa Road, Nairobi. Anapata moshi, anachoma mafuta zaidi, na bitumini inazeeka kabla haijagusa barabara. Funika tipa kwa turubai zito na upunguze joto. Kuna pia mchanganyiko wa joto la kadiri, unaotumia viungo maalumu au povu la maji kuchanganyika chini ya nyuzi 140. Moshi hupungua sana, lakini mwenye barabara akubali kwanza.

Naweza kuwasha kichomeo kwa oili chafu ya magari? Ni ya bei rahisi.

Oili iliyotumika ni taka hatari. Imebeba metali kutoka kwenye injini, na metali haziungui. Zinatoka na moshi au zinabaki kwenye vumbi la mifuko. Usiichome bila kibali kinachoitaja kwa jina, chenye vipimo vyake.

Msimu wa mvua matumizi ya mafuta yanapanda. Hilo linahusu mazingira?

Linahusu sana. Kila asilimia moja ya unyevu kwenye tani ya mawe ni lita 10 za maji za kuchemsha mpaka yaishe, na zinakula karibu robo tatu ya lita ya mafuta. Vumbi la mawe linyeshewalo Aprili nzima linaweza kufika asilimia nane au zaidi. Paa la mabati juu ya rundo hilo peke yake, na sakafu yenye mteremko wa kutiririsha maji, hulipa gharama yake. Mafuta machache ni moshi mchache.

Wafanyakazi wako hatarini? Na ni kweli lami inaleta saratani?

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kazi ya kutandaza bitumini barabarani kwenye kundi la mambo yanayoweza kusababisha saratani, kundi 2B. Vumbi la silika, lililomo katika mawe mengi, liko kundi la kwanza, lile lililothibitishwa. Kwa hiyo ogopa vumbi kuliko weusi wa lami. Anayefagia chini ya mikanda kwa ufagio mkavu, bila barakoa ya kuzuia chembe, yuko hatarini kuliko anayeendesha mtambo chumbani. Kitambaa puani hakizuii silika. Mwagia maji kwanza, mpe barakoa inayomkaa, na apimwe mapafu kwa daktari wa kazini.

Mimi ni jirani. Nilalamike wapi, na nahitaji ushahidi gani?

Andika tarehe, saa, upepo ulikotoka, na ulichokiona au kukinusa. Piga picha ya dohani mahali palepale kila siku. Wiki tatu za kumbukumbu za namna hiyo ni silaha nzito. Nenda kwanza kiwandani na uombe daftari la malalamiko. Kiwanda makini kinalo. Usiposikilizwa, nenda ofisi ya NEMA ya kaunti, na kwa serikali ya kaunti pia, maana Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyinginezo. Kama shida yako ni leseni iliyotolewa, kuna rufaa kwenye baraza la kitaifa la mazingira (National Environment Tribunal), na siku za kukata rufaa ni 60. Zisikupite.

Ibara ya 42 inakupa haki ya mazingira safi na salama, na ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba umeumia au umepata hasara. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Sehemu ya lawama ilizifikia taasisi za serikali pia, NEMA ikiwemo. Miaka yote hiyo watoto walikuwa wanakua, na ndiyo sababu nawasihi majirani waseme mapema.

Mtambo wetu ni wa magurudumu. Tukiuhamishia kaunti nyingine, leseni inahama nao?

Haihami. Tathmini ilifanywa kwa eneo: upepo wake, mto wake, nyumba zake. Mtambo ni uleule, majirani ni wapya. Anza tena, na usafishe ulikotoka: ondoa udongo uliolowa bitumini na dizeli, umkabidhi msafirishaji wa taka mwenye leseni, na upige picha kabla na baada.

Mkaguzi anakuja kesho. Nimwandalie nini?

Weka mezani leseni zote mbili, ripoti ya ukaguzi ya mwaka, vipimo vya dohani, daftari la shinikizo la mifuko lililojazwa kila zamu, risiti za kuondolea taka, kumbukumbu za bauza la maji (lori la kunyunyizia uwanja) na daftari la malalamiko. Kama kuna siku kichujio kiliharibika, iache iandikwe hivyo hivyo, pamoja na saa mliyosimamisha mtambo. Usioshe uwanja usiku kucha kwa ajili yake. Mpeleke kwanza juu ya jukwaa la dohani, kisha mteremke hadi ukuta wa upande upepo unakoelekea, apitishe kidole juu ya jani.